Maumivu ya Mguu Yanayotoka Mgongoni: Kati ya Diski na Uvimbe wa Neva

Mtu akilalamika kwamba maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita kwenye tako na kushuka hadi unyayoni, jibu atakalolipata siku hizi karibu popote, iwe kwa jirani, duka la dawa au hospitali, ni moja: "Hiyo ni diski." Kwa walio wengi jibu hilo ni sahihi. Lakini husikika pia habari ya mtu aliyetibiwa diski mwaka mzima, akachuliwa, akachomwa sindano, akavishwa mkanda wa kiuno, kisha kikagunduliwa kivimbe kilichoota kwenye neva ndani ya mgongo. Habari kama hiyo ikisambaa huzaa hofu za namna mbili. Wapo wanaokimbilia MRI kila kiuno kinapokaza, na wapo wanaopoteza imani na hospitali zote wakarudi kwa mchuaji. Hofu zote mbili zinaumiza wagonjwa.

Uvimbe wa neva za mgongo ni nadra, na unadra wake ni sababu nzuri ya kutompiga kila mtu picha. Hauwi hata mara moja sababu ya kumwacha mgonjwa na jina la diski wakati maumivu yake hayaendi mwendo wa diski. Kati ya mambo hayo mawili ndipo palipo na kazi ya kupima.

Mguu unauma, shida iko juu

Ugwe mgongo, yaani shina la neva linaloshuka kutoka kwenye ubongo, haufiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima unakoma kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiunoni. Kuanzia hapo kwenda chini, ndani ya mfuko wenye maji, inaning'inia mizizi ya neva peke yake, ambayo madaktari huiita mkia wa farasi. Mizizi hiyo hutoka jozi kwa jozi kupitia matundu ya pembeni ya pingili. Ile ya nne na ya tano ya kiunoni, pamoja na mitatu ya kwanza ya sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno, huungana kuwa neva kubwa ya siatiki inayopita nyuma ya paja.

Mzizi ukibanwa, ubongo hautambui umebanwa wapi. Unapokea tu taarifa kana kwamba imetoka kwenye eneo ambalo mzizi huo unalihudumia. Ndiyo maana aliyebanwa mzizi wa kwanza wa sakramu atashika kisigino na ukingo wa nje wa unyayo, hata kama mgongo wenyewe haumuumi. Chochote kinachobana mahali pale, kiwe diski, mfupa, usaha au uvimbe, kitaleta maumivu yanayofanana. Mguu hausemi ni nani anayebana.

Jambo la pili husahaulika zaidi. Uvimbe unaweza kuwa juu zaidi, usawa wa kifua, ukaubana ugwe mgongo wenyewe. Mgonjwa huyu naye analalamikia miguu, ila kwa namna nyingine: ni mizito, imekakamaa, inajikwaa, na ganzi inapanda taratibu kuelekea tumboni. Akipigwa picha ya kiuno peke yake anaweza kuambiwa yuko salama.

Si uvimbe wa aina moja

Neno uvimbe linawatisha watu kwa sababu hulisikia kama saratani. Kwa mgongo, mahali uvimbe ulipo hueleza mengi kuhusu tabia yake.

Aina zinazoongoza kwa wingi zinatokea nje ya mfuko wa neva, kwenye mifupa, na mara nyingi ni saratani iliyosafiri kutoka tezi dume, titi, pafu, figo au tezi ya shingo, au ni mayeloma, saratani inayoanzia kwenye uboho wa mifupa. Hizi huenda haraka, na hapa hofu ya watu ina msingi.

Ndani ya mfuko, lakini nje ya ugwe mgongo, hukaa kundi linalotuhusu zaidi: shwanoma, inayoota kutoka kwenye seli zinazofunika neva, zile zilizopewa jina la Mjerumani Theodor Schwann, neurofibroma, inayojichanganya na nyuzi za neva yenyewe, na meninjioma, inayotoka kwenye utando na kupenda usawa wa kifua, hasa kwa wanawake. Karibu zote si saratani. Shwanoma ya mgongo huwapata watu wasiofika mmoja kati ya laki moja kwa mwaka, wengi wao wa umri wa kati. Hukua polepole sana, na kivimbe cha ukubwa wa punje ya karanga chatosha kumkosesha mtu usingizi iwapo kimekaa mahali pembamba. Kundi la tatu, lililo ndani ya ugwe mgongo wenyewe, ni dogo zaidi kwa watu wazima.

Wengi hupata shwanoma moja tu bila sababu inayojulikana katika maisha yao. Wachache hurithi au huzaliwa na mabadiliko ya vinasaba: kwenye kromosomu ya 17 kwa ugonjwa uitwao neurofibromatosisi ya kwanza, unaompata takriban mtoto mmoja kati ya 3,000, na kwenye kromosomu ya 22 kwa ule wa pili, wenye shwanoma nyingi. Mwenye ugonjwa wa kwanza huonekana kwa ngozi: madoa ya rangi ya kahawa na vinundu laini. Kumvua mgonjwa shati kunaweza kuleta jibu ambalo miezi ya vidonge haikulileta, na ni muhimu, kwa kuwa takriban mmoja kati ya kumi wa wagonjwa hao hupata saratani ya ala ya neva maishani mwake.

Kosa lililogeuka upande

Mkanganyiko huu wa diski na uvimbe una historia, tena uliwahi kwenda kinyume. Mwaka 1887 jijini London, daktari William Gowers alimchunguza mtu aliyekuwa ameumwa karibu miaka mitatu akipewa maelezo ya kila namna, mpaka miguu ikapooza. Gowers alikadiria mahali penye uvimbe kwa uchunguzi wa mwili tu, wakati ambapo hata eksirei haijavumbuliwa. Mpasuaji Victor Horsley akafungua mgongo, akautoa, na mgonjwa akatembea tena.

Baada ya hapo macho ya wapasuaji yalizoea kuona uvimbe. Walipokuta vipande vya gegedu vimebana neva, waliviandika kuwa ni uvimbe wa gegedu. Mwaka 1934, William Mixter na Joseph Barr wa Boston waliporudia kuvichunguza vielelezo vya aina hiyo, walionyesha kwamba vingi vilikuwa diski zilizopasuka. Siatiki, yaani maumivu haya yanayoshuka mguuni, ikapata sababu yake kuu, na kizazi kizima cha madaktari kikajifunza kuitafuta diski kwanza. Leo kosa linatokea upande wa pili: diski imekuwa jibu linalokuja kabla ya swali.

Hoja ya kupiga picha mapema

Wanaotaka MRI ifanyike mapema wana hoja nzito. Hakuna kipimo kingine kinachoonyesha neva, diski na uvimbe kwa uwazi huo. Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa, hivyo shwanoma ndogo itapita bila kuonekana. Na uvimbe unaotolewa kabla ya mguu kudhoofika huacha madhara machache kuliko ule unaotolewa mgonjwa akiwa tayari ameshindwa kuzuia mkojo.

Udhaifu wa hoja hii unaonekana ukiwapiga picha watu wazima wasioumwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994 ulifanya hivyo kwa watu 98 wasio na maumivu ya mgongo. Asilimia 52 walikuwa na diski iliyotuna angalau sehemu moja, na asilimia 27 diski iliyochomoza. Maana yake ni kwamba ukimpeleka mtu yeyote kwenye mashine, uwezekano wa kukuta jambo la kuandikwa kwenye ripoti ni mkubwa. Wengine hupasuliwa kwa sababu ya diski isiyowasumbua. Na madhara hayo yanamfikia hata mwenye uvimbe: ripoti ikisema "diski imechomoza" upande wa kushoto ilhali mguu unaouma ni wa kulia, mara nyingi msako unaishia hapo.

Isitoshe, picha huonyesha pale tu ilipoelekezwa. MRI ya kiuno iliyopigwa harakaharaka, bila dawa ya gadolini kwa mgonjwa mwenye dalili za kutia shaka, inaweza kukiacha kivimbe kidogo, na cha usawa wa kifua haitakigusa kabisa. Kwa familia iliyolipa mamia ya maelfu ya shilingi, karatasi inayosema mgongo ni mzima hufunga mjadala. Hapo ndipo picha ya mapema inapogeuka kuwa sababu ya kuchelewa.

Hoja ya kusubiri

Miongozo mingi ya tiba inasema: kama hakuna dalili za hatari, tuliza maumivu, mgonjwa aendelee kutembea, msubirie wiki sita. Msingi wake ni imara. Siatiki ya diski kwa wengi hupungua ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili, na kipande kilichochomoza mara nyingi hunywea chenyewe. Kusubiri kunawaepusha maelfu na gharama, hofu na visu.

Nguvu ya utaratibu huu inategemea kitu ambacho maandishi ya miongozo huchukulia kipo: mtu mmoja anayehesabu hizo wiki. Katika zahanati na vituo vyetu vya afya, mgonjwa aliyepewa diklofenaki na vidonge vya vitamini B haambiwi arudi tarehe fulani. Maumivu yakiendelea anakwenda kituo kingine, ambako hesabu inaanza upya. Wiki sita zinakuwa miezi minane, na katika miezi hiyo hakuna aliyelinganisha nguvu ya mguu wa leo na ya siku ya kwanza. Naona hapa ndipo wagonjwa wengi wa uvimbe wanapopotea, kwenye kusubiri kusikokuwa na mwenyewe.

Kuna mtego mwingine. Maumivu ya uvimbe hayapandi kwa mstari ulionyooka. Hupoa, hurudi, na dawa za kundi la steroidi, kama deksamethasoni, huyapunguza kwa muda kwa sababu hutuliza uvimbe unaozunguka neva. Mgonjwa aliyepata nafuu ya wiki mbili baada ya sindano huhesabiwa kuwa amethibitisha ugonjwa mdogo. Kwa limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, hali ni mbaya zaidi, maana steroidi inaweza kuuyeyusha uvimbe kiasi kwamba kipande kikipelekwa maabara hakisomeki vizuri.

Kuhusu kuchua, inatosha kusema hivi: mikono inalegeza misuli iliyokaza, na nafuu hiyo ni ya kweli. Ila kuvunjavunja na kusukuma mgongo wenye pingili iliyoliwa na saratani au kifua kikuu kunaweza kuivunja pingili hiyo, na mtu aliyeingia akichechemea akatoka amebebwa.

Mikono, nyundo na kipande cha pamba

Kati ya picha kwa kila mtu na kusubiri bila hesabu kuna uchunguzi wa mwili, ambao ndio ninaoupa uzito mkubwa kuliko yote. Hauhitaji umeme.

Unaanza kwa maswali. Je, maumivu yanazidi ukilala? Mwenye diski mara nyingi hupata ahueni akijinyoosha. Mwenye uvimbe kwenye mkia wa farasi huweza kuamka usiku wa manane, akatembea chumbani au akalala ameketi kitini. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mgongo hurefuka kidogo mtu akilala, mizizi ikavutika juu ya uvimbe, na msukumo wa damu kwenye vena za eneo hilo ukabadilika. Dalili hii haiwapati wote, lakini ikiwepo isipuuzwe. Je, umewahi kutibiwa saratani au kifua kikuu? Umepungua uzito? Mkojo unatoka kama zamani?

Kisha mgonjwa anavua viatu na soksi. Anatembea hatua chache kwa visigino. Unyayo ukishindwa kuinuka, mashaka yanauelekea mzizi wa tano wa kiunoni. Anatembea kwa ncha za vidole. Kisigino kikidondoka upande mmoja, ni mzizi wa kwanza wa sakramu. Nyundo inagonga kano chini ya goti na nyuma ya kisigino, pande zote mbili, ili kulinganisha. Ncha butu inapitishwa chini ya unyayo kutoka kisiginoni kwenda mbele. Kwa mtu mzima vidole hujikunja kwenda chini. Kidole gumba kikiinuka juu, ishara aliyoieleza Joseph Babinski mwaka 1896, shida iko kwenye ugwe mgongo au ubongoni, na picha inayotakiwa ni ya mgongo mzima.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayorukwa kwa sababu ya aibu: kugusa kwa kipande cha pamba sehemu za ndani za mapaja na kuzunguka njia ya haja kubwa. Ganzi mahali hapo, hasa ikiambatana na mkojo kuziba au kutoka bila taarifa, maana yake mkia wa farasi unabanwa, na mgonjwa anapaswa kuondoka kwenda hospitali ya rufaa siku hiyohiyo. Kumwita muuguzi wa jinsia yake na kuvuta pazia kunaondoa sehemu kubwa ya aibu.

Uchunguzi huu nao una mipaka. Diski kubwa na uvimbe huweza kutoa majibu yaleyale siku ya kwanza. Thamani yake kamili hujitokeza unaporudiwa na kulinganishwa na ulioandikwa kabla.

Mambo yanayofanana na uvimbe katika nchi zetu

Vitabu vingi vya mgongo vimeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, na orodha yao ya sababu haitutoshi. Kifua kikuu cha mgongo, kilichoelezwa na Percivall Pott mwaka 1779, bado kinaonekana katika wodi za Afrika Mashariki. Kinakula pingili, kinatengeneza usaha, na kinabana neva kama uvimbe. Kinatibika kwa dawa, mara nyingi bila kisu, ndiyo maana kukitambua kabla ya upasuaji kuna faida kubwa.

Kwa vijana wanaovua au kuoga Ziwa Victoria, au wanaolima mpunga kwenye majaruba, kuna kichocho. Mayai ya mnyoo wa ugonjwa huu yanaweza kufika sehemu ya chini ya ugwe mgongo na kuzusha uvimbe wa mwasho. Kijana anaanza kuumwa kiuno na miguu, baada ya siku au wiki chache miguu inalegea na mkojo unaziba. Kwenye MRI inaweza kufanana sana na uvimbe wa kuota. Tiba yake ni prazikwanteli pamoja na steroidi, kwa hiyo swali "umeoga wapi?" lina uzito wa kipimo kizima. Kwa watoto ipo limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa na Denis Burkitt akiwa Mulago, Kampala, mwaka 1958. Inaweza kujitokeza kwa kupooza kwa miguu kwa ghafla, na hujibu dawa za saratani upesi ikiwahiwa.

Kwa mwanamke, saratani ya shingo ya kizazi iliyoenea hubana neva zikiwa ndani ya nyonga, baada ya kutoka mgongoni. Mguu mmoja unauma na kuvimba, na MRI ya mgongo inaweza kutoka safi kabisa. Kwa mwanamume aliyevuka miaka hamsini, maumivu mapya ya kiuno na miguu yanapaswa kuleta swali la tezi dume kabla ya swali la diski.

Ukishaonekana: kutoa au kufuatilia

Kwa shwanoma inayoumiza au inayodhoofisha mguu, jibu halina mashaka mengi: ni upasuaji. Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, katika vituo kama taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili au Hospitali ya Kenyatta, hufungua sehemu ya mfupa, akapasua mfuko, na kwa msaada wa hadubini akautenganisha uvimbe na mizizi iliyosalia. Mara nyingi uzi wa neva ulioota uvimbe hulazimika kukatwa, na wengi hawapati udhaifu mkubwa kwa sababu nyuzi za jirani zilishachukua kazi yake muda mrefu. Ukitolewa wote, kurudi ni kwa nadra. Hatari zipo: maji ya uti wa mgongo kuvuja, maambukizi, ganzi mpya, na mgongo kuyumba iwapo mfupa mwingi umeondolewa. Maumivu huwa ya kwanza kuondoka, nguvu hufuata polepole, na kibofu kilichokwisha kulala kwa muda mrefu ndicho kisichoahidiwa.

Kivimbe kidogo kilichoonekana kwa bahati, kwa mtu asiyeumwa, ni kesi nyingine. Kukifuatilia kwa MRI za mara kwa mara ni uamuzi wenye akili, mradi mgonjwa anao uwezo wa kurudi. Kwa anayetoka mbali na mashine, kumwambia "tutafuatilia" bila kuuliza nauli itatoka wapi ni kumwachia hatari aibebe peke yake. Kwa mtu wa namna hiyo mizani inaweza kuelemea upasuaji mapema zaidi kuliko vitabu vinavyosema. Mwenye neurofibromatosisi, kwa upande wake, hawezi kutolewa kila kinundu; kinachotolewa ni kile kinachobana au kinachobadilika tabia.

Kwa saratani iliyosafiri hadi mgongoni, muda ndio kila kitu. Jaribio la Roy Patchell na wenzake, lililochapishwa mwaka 2005, liliwahusisha wagonjwa 101 ambao ugwe mgongo wao ulikuwa unabanwa. Waliopasuliwa kisha wakapewa mionzi, asilimia 84 waliweza kutembea baada ya matibabu. Waliopewa mionzi peke yake, asilimia 57. Matokeo hayo hayamaanishi kila mmoja apasuliwe. Wagonjwa walichaguliwa kwa uangalifu, na aliyebakiza wiki chache za maisha hafaidiki na kidonda kikubwa. Ila yanaonyesha kwamba kumpeleka mgonjwa kwenye taasisi ya saratani ya Ocean Road kwa mionzi bila mpasuaji kumwona kwanza kunaweza kumkosesha miguu yake.

Mizani

Nikipima pande zote, kumpiga picha kila mwenye siatiki kunashindwa kwa gharama na kwa majibu ya uongo. Kusubiri ni sahihi kwa walio wengi, kwa masharti mawili: uchunguzi wa mwili uandikwe siku ya kwanza, na tarehe ya kurudi itajwe. Akirudi bila nafuu, au akiwa na udhaifu mpya, anastahili MRI hata kama amekwisha kuambiwa ni diski. Mwenye historia ya saratani na maumivu mapya, mwenye maumivu ya usiku yasiyopoa, mwenye kidole gumba kinachoinuka au madoa ya kahawa mwilini asisubirishwe wiki sita. Na diski ikionekana upande au usawa usiolingana na maumivu, ripoti hiyo ihesabiwe kuwa haijajibu swali.

Mengi ya hayo hayahitaji mashine mpya. Yanahitaji nyundo ya shilingi chache katika kila kituo cha afya, na barua ya rufaa inayosema zaidi ya "maumivu ya mgongo, kwa uchunguzi zaidi": nguvu ya kila unyayo, majibu ya goti na kisigino, hali ya mkojo, na tarehe maumivu yalipoanza. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na Kenya ilianza mfumo mpya wa bima ya jamii mwaka 2024. Mifuko ya bima hizo inalazimika kuamua MRI ipi inalipiwa. Ikiweka sharti kwamba uchunguzi wa mwili uwe umeandikwa kwenye fomu kabla ya malipo, na ikaruhusu picha ya mgongo mzima pale uchunguzi unapoelekeza huko, itaokoa fedha kwa wasiohitaji picha na kuwafikia mapema wale wachache ambao neva zao zinabanwa na uvimbe.